Masika Mianzi Ilipochanua

24 Septemba

Tata, baba yangu, ameniambia niandike mvua. Miaka yote aliandika mwenyewe, tangu alipoanza kazi mgodini: siku ya mvua ya kwanza, siku radi ilipopiga, siku mihogo ilipopandwa. Sasa macho yake yamefunikwa na utando mweupe, na kalamu inatoka nje ya mstari bila yeye kujua. "We utaandika," alisema, "mi nitasema." Leo hakuna mvua, na yeye hana la kusema, basi naandika mimi.

Naitwa Ernestine. Nina miaka arobaini na minne na kazi yangu ni kusuka vitunga na nyungo. Tata yangu, Zéphirin, ndiye aliyenifundisha. Nyumba yetu ni ya mwisho hapa Kolwezi, upande wa kwenda Mutoshi, na nyuma yake kuna mianzi mingi kiasi kwamba mtu akitaka kumwelekeza mgeni kwetu husema tu: pale penye mianzi. Tata aliileta kutoka kwao, upande wa Manono, mwaka alioandikwa kazi. Yeye na mdogo wake Mbayo walichimba kisiki kimoja nyuma ya jiko la mama yao, wakakipasua kwa shoka, kila mmoja akafunga nusu yake katika gunia lililolowana. Nusu ya Tata ndiyo hii. Nusu ya Mbayo iko Fungurume. Mianzi hii ilinisomesha, na mume wangu alipokufa ndiyo iliyonilisha niliporudi hapa.

30 Septemba

Joto. Hakuna mvua. Nimemaliza nyungo nne.

3 Oktoba

Majani ya mianzi yanapukutika, na siyo kama miaka mingine. Kwenye vifundo vya juu kumetokea vitu vya duara, kama ngumi ya mtoto mchanga, vimejaa ncha. Nilidhani ni viota vya wadudu. Nimekiponda kimoja kwa jiwe. Hamna mdudu.

5 Oktoba

Nimemwambia Tata. Akasema nimpeleke. Alisimama katikati ya mianzi, nikamvutia tawi chini, akazipapasa zile ngumi moja moja kwa muda mrefu, kama anavyopapasa ukingo wa ungo akitafuta kosa langu.

"Nani aliingia hapa?"

"Hapa ni mu lupango ya nyumba, Tata. Bantu banaingia kila siku."

"Naulizia nani alishika bambu."

Nikajua anamkusudia nani. Mwezi wa nane, tata mudogo Mbayo alikuja. Miaka kumi na tisa hawakuwa wamesemezana. Mama yao alipokufa kule kijijini, Mbayo ndiye aliyekuwapo, naye akamzika bila kumngoja mkubwa wake. Tata alifika siku ya tano, akakuta udongo. Tangu siku hiyo jina la Mbayo halikutajwa kwetu. Halafu mwezi wa nane akaja peke yake, na kuku mkononi, amekonda, akasimama uani na kumwita mkubwa wake, "Yaya, ni mi." Tata hakuinuka kitini. Mbayo alingoja, akamweka kuku chini, akazunguka nyuma, akaweka kiganja kwenye mianzi, kisha akaenda zake. Nami nilikuwa mlangoni na sikumpa hata kiti.

"Ameiloga," Tata alisema leo. "Hakuna kingine alichobakisha kunichukulia."

Naandika ukweli: na mimi nilisadiki.

6 Oktoba

Mvua ya kwanza, saa tisa mchana. Fupi.

13 Oktoba

Majirani wanakuja kutazama. Mmoja anasema ni maji machafu ya wale wanaoosha madini kule juu. Lakini mihogo iliyopandwa mguuni mwa mianzi iko kijani, na mparachichi umebeba. Kama ni maji, yanachagua?

19 Oktoba

Mvua siku tatu mfululizo. Mimea yote inashangilia isipokuwa yetu. Hakuna chipukizi hata moja lililotoka ardhini, na huu ndio mwezi wake. Nimepasua fito tano. Mbili tu zilipindika. Nyingine zilivunjika mkononi kama biskuti.

26 Oktoba

Leo alikuja mwalimu Noëlla, anayefundisha biolojia kwenye sekondari ya wasichana. Aliagiza kitunga cha nguo za mtoto, maana binti yake atajifungua. Alipoona mianzi alisahau kitunga. Aliinua kichwa, akazunguka yote, viatu vikizama kwenye tope, akarudi amejishika mashavu.

"Mama Ernestine, hii inaanza siku gani?"

"Mwanzo ya huu mwezi. Kuna mutu aliiloga."

"Hapana, mama. Haina bugonjwa, haina bulozi. Ni maua."

Nilimwambia mianzi haitoi maua. Akacheka, si kwa kunidharau. Akasema inatoa, ila mara moja tu katika maisha yake, na mtu anaweza kuzaliwa na kuzeeka bila kuiona. Kuna aina inayongoja miaka thelathini, kuna inayopita mia. Ikifika, inachanua yote kwa pamoja, inatoa mbegu, inakufa.

"Inajuaje kama miaka imefika?"

Alifikiri. "Ile miti ya pori, munaona inatoa majani mekundu mu mwezi wa tisa, mbele ya mvua? Haingoje mvua iiambie. Iko na hesabu ndani yake. Inapima mwangaza, inapima joto, inajua mwaka unageuka. Viwavi mu udongo pia, bile bile. Mwaka mumoja, hiyo tunaelewa kidogo. Lakini kuhesabu miaka makumi, bila kukosea, kwenye mizizi, kwenye majani, sijui wapi... Hata wenye kusoma sana bangali banatafuta."

Kisha akauliza tuliipata wapi. Nikamweleza habari ya kisiki na shoka. Akanishika mkono.

"Basi ile ya Fungurume pia imechanua. Ya kutoka kisiki kimoja ni mwili mumoja. Ukiikata, ukaipeleka hata Ulaya, hesabu haikatike. Inafika siku moja."

"Hakuna dawa?"

"Hapana, mama. Pole."

Tata alikuwa amekaa barazani akisikia yote. Mwalimu alipoondoka nikamwuliza anaonaje. "Maneno ya darasani," akasema. Lakini baadaye, wakati wa kula bukari, ugali wa jioni, aliongea kana kwamba hakuna aliyemwuliza: "Mama alisemaka, wakati alikuja kuolewa, ile bambu ilikuwa inamufika mu magoti. Na babu alimwambia ilizaliwa kwa mbegu, baada ya ile ya zamani kufa yote." Kisha akanawa mikono ingawa hakuwa amemaliza.

2 Novemba

Siku ya kuwaombea marehemu. Tata alitaja majina yote kanisani, na la mama yake. Mvua baada ya misa.

9 Novemba

Nimetoka Fungurume. Nilimwambia Tata ninaenda kutafuta wanunuzi. Taxi-bus ilikwama mara mbili nyuma ya malori ya shaba, na dereva akatushusha mwanzo wa soko.

Sikuhitaji kuuliza nyumba. Niliona mianzi kutoka barabarani, imenyauka vilevile, ngumi zilezile zenye ncha juu hadi chini. Nilisimama. Mbali kilomita kama mia, na hakuna aliyetoka kwetu kwenda kuigusa.

Mama mudogo Florentine, mke wa Mbayo, alitoka na kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu wa vita. "Mumekuja kuangalia kazi yenu?" aliniuliza. Nilimwamkia. Alinionyesha mianzi kwa kidevu. "Bambu amemaliza. Sasa tumbo ya mume wangu. Mwambie tata yako, kinabaki nini?"

Nilielewa kwamba huku walikuwa wakisema juu yetu yaleyale tuliyosema juu yao.

Tata mudogo alikuwa kitandani, karibu na dirisha. Uso umebaki mifupa, na tumbo limejaa chini ya shuka. Ini, alisema, kwa namna mtu anavyotaja jina la jirani. Nilikaa pembeni yake nikamweleza yote ya mwalimu: hesabu, kisiki, siku moja. Alinisikiliza akinitazama mdomo. Nilipomaliza alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa na Florentine akaja kumwinua.

"Unasikia, mama Chancelle?" alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la binti yao. "Hakuna mutu aliloga mutu. Mi nilikuambia."

Florentine alimfuta mdomo, akatoka nje. Lakini alirudi na chai, na kikombe kimoja kilikuwa changu.

Tata mudogo alipokwisha kupumzika nikamwuliza lile ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza. Kwa nini hakungoja?

Alitazama dirisha. Akasema bibi yangu alikufa asubuhi, mwezi wa jua kali. Barabara ilikuwa imefungwa, kulikuwa na watu wenye silaha, kijijini hakukuwa na barafu wala sindano ya kuhifadhi maiti. Walingoja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Siku ya tatu hata bazee balikimbia nyumba. Bibi yako alikuwa muntu musafi, Ernestine. Sikutaka yaya amukute vile. Yaya alimupenda sana. Nikasema, afazali anichukie mi."

"Lakini ungemwambia!"

"Nimwambie mama yake alikuwa namna gani? Hapana. Na we usimwambie." Kisha: "Akuje tu. Sina maneno mingi. Nataka akuje akae pale umekaa."

10 Novemba

Nilimletea Tata kitawi kutoka kule. Alikishika mkono wa kulia, nikampa cha kwetu mkono wa kushoto. Alivipapasa, akavibadilisha mikono, akavipapasa tena.

"Ni moja," alisema.

Nilimwambia Mbayo anaumwa sana na anamwita. La mama yao sikulisema, kwa kuwa nilikatazwa. Alivishika vile vitawi mpaka mchana ukaisha. "Tutaenda," akasema. "Mvua ipunguze kidogo."

Ningepaswa kusema hapana, kesho. Lakini nilikuwa na fito za mwisho zinazopindika, na kila siku zinapungua. Nilitaka kuzikata zote kabla hazijafa. Nikasema, "Sawa, Tata."

14 Novemba

Mvua kubwa. Nimekata fito arobaini.

17 Novemba

Mvua. Tata anasema Jumapili ijayo.

20 Novemba

Mvua. Nimesuka mpaka vidole vimetoka damu.

24 Novemba

Jumapili. Nilimpigia pasi koti. Alivaa viatu mwenyewe, kamba akazifunga kwa kupapasa, akakaa kitini barazani na kofia magotini. Nilimwambia taxi-bus zinaondoka asubuhi. Akasema, "Ngoja kwanza." Nikangoja. Watu wakatoka misa ya kwanza, wakatoka ya pili. Jua likafika utosini.

"Tata, tunachelewa."

"Nitamwambia nini?"

"Hakuna kitu cha kusema. Ukae tu."

"Alikuja hapa, nikakaa. Sasa niende kule, nikae tena?" Alijaribu kucheka. Halafu akainama, akafungua kamba, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga sambamba chini ya kiti. "Juma inakuja," alisema.

Nilikasirika. Nilimwambia moyo wake ni mgumu kuliko jiwe la mgodini. Kisha nikaenda kwenye vitunga vyangu. Naandika hili nikiwa bado na hasira.

27 Novemba

Mvua haikatiki. Fito za kupindika zimekwisha.

29 Novemba

Tata mudogo Mbayo amekufa leo saa sita mchana. Florentine alinipigia simu, akasema maneno matatu, akakata.

Tata alikuwa akisikia sauti yangu tu, lakini alijua. Alisimama, akavitafuta viatu kwa miguu.

30 Novemba

Maji yamekata barabara ya Fungurume. Malori yamepanga mstari, hakuna gari linalopita. Tata alikataa kurudi nyumbani. Tulikaa siku nzima ndani ya taxi-bus, yeye na koti lake, mikono magotini. Kila baada ya muda aliuliza, "Wameshamuzika?" Simu ya Florentine haikupatikana. Nikamjibu, "Sijui, Tata."

1 Desemba

Tumefika leo mchana. Sitaki kuandika, lakini Tata ameniambia niandike.

Hawakuwa wamemzika. Watu walikuwa wamekaa mbali na nyumba, chini ya turubai, na wengi walikuwa wameshika kitenge puani. Kiongozi wa sala alinivuta kando, akasema wamemsihi mjane tangu jana, na amekataa hata kusikia. Maiti ilikuwa sebuleni, madirisha wazi, majani ya mkaratusi yametandazwa sakafuni, na hayakusaidia kitu.

Florentine alikuwa peke yake na mumewe. Alipomwona Tata mlangoni alisimama.

"Alisema tukungoje," alisema. "Alisema, hata nikianza kunuka, mumungoje yaya. Safari hii mumungoje. Njo maana nimekungoja." Sauti yake haikupanda. "Mwezi wa nane, munganga wa hospitali alikuwa amemwambia tayari. Alikuja kukuaga, Tata Zéphirin. Alikuja kuaga, hukumupa hata mayi ya kunywa."

Nilimwongoza Tata mpaka kwenye jeneza. Aliinama. Niliona pua yake, kifua chake, nikaona jinsi mwili ulivyotaka kurudi nyuma na yeye akaukatalia. Aliupapasa uso wa mdogo wake kwa vidole vyote kumi. Kisha akageuza kichwa kunitafuta.

"Ernestine. Na mama alikuwa hivi?"

Nilikuwa nimekatazwa. Lakini aliyenikataza alikuwa amelala pale.

"Ndiyo, Tata. Kwa jua. Mudogo wako alisema hakutaka umukute vile."

Sijawahi kumsikia baba yangu akilia. Si alipomzika mama yangu, si alipofukuzwa kazi. Hakulia kama mzee. Alilia akimwita "mudogo, mudogo", akigonga paji la uso kwenye ubao, na wale waliokuwa nje na vitenge puani wakaingia mmoja mmoja wakasimama naye.

Tumezika saa kumi, bila mvua.

4 Desemba

Kilio kimekwisha, wageni wameondoka. Tata hataki kurudi Kolwezi. "Nitakaa," alimwambia Florentine, "mpaka unifukuze." Florentine alikuwa akiosha sufuria, hakugeuka. "Nyumba ni ya marehemu," alisema. "Siwezi kumufukuza ndugu yake." Nimemwachia Tata koti na dawa zake za macho.

5 Desemba

Nimefika nyumbani. Nimeingia nyuma. Mianzi imekauka yote, rangi ya majani ya mahindi baada ya mavuno, na upepo ukipita inagongana kwa sauti ya mifupa. Mbegu zimeanguka, nyembamba kama mpunga. Ndege ni wengi na panya wameanza. Nilikaa pale. Wakati wote huu nilidhani Tata ndiye aliyechelewa. Lakini ni mimi niliyesema "Sawa, Tata" siku ile, nikachukua panga nikaenda kukata fito.

12 Desemba

Mwalimu Noëlla amekuja na wanafunzi wake wanane. Walichora, wakaokota mbegu, wakaniuliza maswali. Msichana mmoja aliuliza kama ninahuzunika. Mwalimu akamkanya. Nikasema aache, ni swali zuri. Nikamjazia mbegu kiganjani.

Kitunga cha mjukuu wake nilikimaliza. Ni cha mwisho cha mianzi yetu.

20 Desemba

Vijana wameiangusha yote kwa siku mbili. Jua sasa linaingia jikoni tangu asubuhi, na ninaona nyumba za watu ambao miaka yote niliwasikia tu. Mama mmoja amenipungia mkono. Nimeanza kununua matete mtoni, ila mkono wangu bado hauyajui, yananikata.

25 Desemba

Noeli. Mvua.

8 Januari

Florentine amepiga simu. Ni mara ya kwanza tangu kilio. Nilishtuka, nikauliza Tata ana nini.

"Hana kitu. Iko anakaa."

"Anakula?"

"Anakula. Asubuhi namutia ku kiti, jioni namutoa. Hatusemi." Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akikohoa. "Sijamusamehe, Ernestine. Usiseme nimemusamehe."

"Siseme, mama mudogo."

Nilimsikia akiwafukuza kuku.

"Jana nilipika sombe ya mihogo," alisema. "Njo pale akafungua kinywa, nyuma ya mwezi muzima na zaidi, akasema: mama, chumvi ni kidogo."

"We ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Nikamupa chumvi."